Nauli za ndege Mwanza: Abiria tuelezwe tunacholipia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nauli za ndege za ndani, hasa kati ya Mwanza na Dar es Salaam, safari ambayo kwa basi inazidi kilomita 1,100 na ambayo wengi wetu wa Kanda ya Ziwa huifanya kwa ndege pale tu tunapokuwa na mgonjwa au msiba.

Mwaka huu nilifiwa na dada yangu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Nilipokwenda kwa wakala kukata tiketi ya kesho yake, nauli ya kwenda na kurudi ilizidi pensheni yangu ya mwezi mzima. Nilipanda basi, nikakuta mazishi yamekwisha.

Wasomaji watakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2012 shirika la ndege la nauli nafuu la Fastjet lilianza safari zake nchini kwa nauli zilizoanzia Sh32,000 kabla ya tozo, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa ndege wakasafiri. Desemba 2018 safari hizo zilikoma. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba nauli nafuu haiwezekani Tanzania. Sikubaliani nao, ingawa ni kweli kwamba biashara ile ilikuwa ya hasara, kwa sababu kushusha nauli peke yake hakutoshi ikiwa gharama zinazoizunguka zimebaki palepale.

Chukulia ada ya huduma za uwanja ya Sh10,000 anayotozwa abiria wa ndani. Juu ya nauli ya Sh32,000 ni karibu theluthi nzima, lakini juu ya nauli ya Sh400,000 haionekani hata kidogo. Tozo ya kiwango kimoja humbana zaidi yule anayejaribu kuuza kwa bei ya chini, yaani yuleyule tunayemhitaji sokoni. Mafuta, vipuri na ukodishaji wa ndege navyo hufuata bei ya dola, wakati abiria analipa kwa shilingi. Isitoshe, kiwanja cha mkoani kisicho na taa za kurukia hulazimisha ndege kumaliza safari zake kabla ya jua kuzama, na ndege iliyolala inaendelea kudaiwa kodi ya ukodishaji kama iliyo angani, hivyo deni lake wanaligawana abiria wachache wa mchana.

Nilifurahi Air Tanzania, shirika la ndege la umma, ilipofufuliwa mwaka 2016, na bado naitakia mema. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha hasara za shirika hilo kwa miaka kadhaa, na ndege zake ni mali ya Serikali inayozikodisha kwake. Mwekezaji binafsi anayeona hasara ya mshindani wake ikibebwa na hazina atasita kuleta ndege Mwanza, na asipokuja, tunabaki na mashirika mawili matatu. Ilipotokea mwaka 2022 baadhi ya ndege za Air Tanzania aina ya Airbus A220 zikasimamishwa kwa matatizo ya injini, tuliona jinsi soko dogo linavyoyumba kwa hitilafu moja.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu Julai 2024 ana treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kwa nauli ya Sh31,000 daraja la kawaida. Sisi wa Mwanza bado tunaisubiri reli hiyo.

Siombi Serikali ipange nauli za ndege, kwani bei kikomo isiyozingatia gharama itawafukuza hata hao wachache waliopo. Ninachoomba ni kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) itangaze kila robo mwaka wastani wa nauli kwa kila njia pamoja na mchanganuo wake, kama LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, inavyotangaza hadharani nauli za mabasi. Tume ya Ushindani ichunguze masharti ambayo shirika la umma linapewa na mashirika binafsi hayapewi. Na ada ya abiria wa ndani itozwe kwa asilimia ya nauli, ili mwenye tiketi ya bei ya chini alipe kidogo.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza