Johnny Mullagh hajatajwa hata kidogo

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini makala ya kriketi ya Jumapili iliyopita imenishinda. Mwandishi wenu anadai Waaustralia wa kwanza kwenda kucheza Uingereza ni wale wa 1878. Si kweli! Kikosi cha kwanza kilikwenda 1868, na isipokuwa nahodha Charles Lawrence, Mwingereza, wachezaji walikuwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile.

Nyota wao alikuwa Unaarrimin, aliyejulikana kama Johnny Mullagh. Kati ya mechi 47 za ziara hiyo alicheza 45, akapata mikimbio (yaani alama) 1,698 na kuangusha wiketi 245, yaani kuwatoa wapigaji mara 245. Katika Lord's, uwanja mashuhuri wa kriketi wa London, alipata mikimbio 75. Na kriketi ikiisha, walitakiwa kurusha mikuki na bumerangi, zile fimbo zilizopinda, ili watazamaji wafurahi. Mwenzao King Cole alifia London, hakuiona tena nchi yake. Mwaka 1869 Victoria, koloni la wakati huo na sasa jimbo la Australia, ikatunga sheria ya kuwapangia Waaborijini mahali pa kuishi na kazi ya kufanya. Mullagh aliichezea Victoria mara moja tu, 1879, dhidi ya kikosi cha Waingereza cha Lord Harris, na katika zamu ya pili mikimbio yake 36 ilimpita kila mwenzake. Mara moja! Mtu wa namna hiyo mnamrukaje?

Hata kwetu hali ni hiyo hiyo. Nilikwenda klabu moja hapa mjini kutafuta picha ya timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, 1975. Nikaambiwa picha za zamani zilitolewa kuta zilipopakwa rangi, na hakuna anayejua zilikopelekwa. Nilipomtaja Harilal Shah, nahodha wa timu ile, nikaulizwa kama ni mwanachama. Nanyi kriketi mnaipa mistari miwili chini ya habari za usajili wa Ulaya.

Tangu 2020, mchezaji bora wa mechi ya Melbourne inayoanza Desemba 26 hupewa Medali ya Mullagh. Habari ya mechi hiyo ikifika mwaka huu, liondoeni lile jedwali la kubeti ukurasani, mweke picha ya Mullagh na takwimu zake za 1868. Masahihisho ya makala nayataka Jumapili ijayo, juu ya ukurasa ule ule.

Msomaji wenu,
Mombasa