Barua kwa mwanangu: Magnum wangu na Magnum wako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mguu umepungua uvimbe. Juzi kwenye simu ulinikatiza: "Baba, huyo Magnum wako analala mno!" Ulimsema Magnum wa miaka ya themanini, yule mpelelezi wa Hawaii wa tamthilia ya televisheni Magnum, P.I. Sikuwa na jibu la papo hapo. Sasa ninalo.

Huyo wako wa tamthilia iliyotengenezwa upya 2018 nimemwangalia misimu yote mitano. Jay Hernandez anayemwigiza namkubali. Mcheshi, na ngumi anazijua. Rafiki zake T.C. na Rick nao wamepewa maisha yao. Zamani kazi ya T.C. ilikuwa kuombwa helikopta ya bure, basi. Tena Hawaii ya kwenu ina watu wa kisiwani: yupo Kumu, yupo afande Katsumoto. Kwetu unaweza kumaliza sehemu nzima ukadhani kisiwa kizima ni cha wageni. Hapo umenishinda.

Lakini Higgins, msimamizi wa nyumba anakokaa Magnum! Wetu, aliyeigizwa na John Hillerman, alikuwa sajini meja mstaafu wa jeshi la Uingereza, na hadithi zake za vita hazikuwa na mwisho. (Mwigizaji mwenyewe mtu wa Texas, lafudhi yote ile ya kujifunza.) Magnum wa Tom Selleck anakaa bure kwenye nyumba ya wageni ya tajiri Robin Masters, kwa hiyo kila kitu, iwe kiwanja cha tenisi au chupa ya mvinyo, lazima ambembeleze Higgins au watoleane masharti. Utamu ulikuwa hapo. Sehemu ya kwanza kabisa, ya Desemba 1980, anahangaika na kufuli ya Ferrari huku Zeus na Apollo, mbwa wa Higgins, wanamjia mbio, naye anajihimiza moyoni ashughulike na kufuli, mbwa asiwatazame. Tulikuwa tisa kwa jirani mwenye deki. Hakuna aliyepumua.

Higgins wenu ni Juliet, aliyekuwa jasusi wa Uingereza, wa MI6. Kuwa mwanamke sina neno nako. Nina neno na kompyuta yake. Mtu katoroka? Anabofya, kapatikana. Magnum wangu angeshinda ndani ya gari, asinzie, na mwishowe amfuate mtu siye. Ndiko huko unakokuita kulala. Halafu hawa wenu wanapendana, na ugomvi wote wa nyumbani umekwisha. Nani tena atambembeleza nani?

Ipo sehemu moja ya 1983. Magnum wangu yuko peke yake katikati ya bahari, kaangushwa na mawimbi ya mashua iliyompita, anapiga miguu asizame, saa nenda saa rudi. Mkononi ana saa ya marehemu baba yake, aliyefia vita vya Korea. Anakumbuka utotoni, baba akimhesabia muda aliokaa juu ya maji. Hakuna kesi, hakuna jambazi. Anapookolewa anamwambia baba yake kwamba yeye ameweza, halafu anamuuliza mbona baba hakuweza.

Mimi kuogelea nilifundishwa na babu yako, pale Raskazone, ufukweni Tanga, kwa kusukumwa. Alikuwa na mwaka mmoja kaburini nilipoiona ile. Nilitoka nje kabla taa haijawashwa.

Ukija Idi nitakuwekea hiyo. Simu yako utampa mama yako akushikie.

Ni mimi baba yako