Malalamiko kuhusu chupa ya asidi isiyoweza kukaa chupani

Idara ya Kemia,
Shule ya Sekondari, Jinja.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

KUH: "ASIDI YA THAYOSALFURIKI" MLIYOTUUZIA

Bwana Meneja,

Tuliagiza fuwele za sodiamu thayosalfeti kwa titrasheni ya iodini ya kidato cha sita, yaani kupima iodini kwa kuidondoshea thayosalfeti hadi rangi yake ipotee. Mkatuletea chupa ya nusu lita yenye lebo "asidi ya thayosalfuriki, 0.1 M" (moli 0.1 kwa lita), na kwenye risiti mkaandika kwamba ni afadhali kuliko fuwele kwa kuwa haihitaji kuyeyushwa.

Asidi hiyo haidumu ndani ya maji. Thayosalfeti ikitiwa asidi kali hufanya ukungu, salfa hujitenga, na gesi ya salfa dayoksaidi hutoka. Hata kidato cha nne wameuona msalaba wa penseli ukipotea chini ya bika kwa ukungu huo. Max Schmidt, mwanakemia Mjerumani, aliipata asidi hiyo bila maji katika miaka ya 1950 kwa kukutanisha haidrojeni salfaidi na salfa trioksaidi ndani ya etha, kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Bila etha huvunjika hata kabla ya kufikia sifuri. Nyinyi mmeipakia kwenye taksi, ikala jua la foleni ya Mukono hadi huku!

Tulipofungua, chini kulikuwa na mashapo ya manjano, na harufu ya kiberiti ikamshika kifua mwanafunzi mwenye pumu. Nilipopiga simu, kijana wenu akaniambia nitikise chupa kabla ya kutumia. Kinachotikiswa ni dawa ya kikohozi.

Wala msijitetee kwamba iodini ilipauka. Salfa dayoksaidi nayo huipausha, tena molekuli yake moja humaliza iodini maradufu ya ile inayomalizwa na thayosalfeti moja. Kwa kuwa sehemu ya gesi hiyo ilikwisha kutoroka hewani, kila meza ilipata jibu lake.

Naomba fuwele tulizolipia zifike kabla ya mazoezi ya mtihani, gramu 24.8 kwa lita (ndiyo 0.1 M) zinatutosha, maji tunayo. Nauli ya kurudisha chupa ni juu yenu. Mtueleze pia kwa maandishi mlichanganya nini humo, na kama kuna shule nyingine iliyouziwa, ipigiwe simu leo.

Wako,
Mwalimu wa Kemia