Risala ya Wanafunzi wa Kigeni na Waliosoma Nje kwa Kubadilishana, Mbele ya Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja. Kutoka Mtumba hadi hapa si mbali, lakini tunajua mezani kwako umeacha mengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu una watu wa aina mbili. Wapo waliotoka Burundi, Kongo, Komoro na Sudan Kusini kuja kusoma hapa, na wapo Watanzania waliokwenda kusoma nje muhula mmoja au miwili, kisha wakarudi. Wote tumepita shida moja, nayo ni makaratasi.

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Ujerumani na matokeo yake kwenye bahasha. Somo la kwanza 1.3, la pili 1.7, la tatu 2.0. Alipoyafikisha dirishani, mhudumu aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akamrudishia: "Binti, mbona huku umefeli?" Kwa GPA yetu, yaani wastani wa alama, inayofika 5.0, 1.3 ni kufeli kweli. Ila Wajerumani huhesabu kinyume chetu: 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Dada huyu alikuwa amefaulu vizuri sana. Alizunguka ofisi tatu na bahasha ile ile mpaka ikachanika pembeni, na wenzake walipovaa majoho jina lake halikuwamo. Mhudumu hatumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwekea mezani jedwali la kulinganisha alama.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni mkataba wa masomo kabla mwanafunzi hajapanda ndege. Usainiwe na pande tatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Uonyeshe atasoma somo gani, litachukua nafasi ya somo gani la hapa, na alama zake zitasomwaje akirudi. Vyuo vya Ulaya vilivyo katika Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi ulioanza mwaka 1987, hufanya hivyo. Na krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, nazo ziandikwe. Kwao mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, kwetu ni 120. Anayeleta krediti 30 kutoka kule ameleta muhula kamili, asiambiwe ana nusu muhula.

Kwa wenzetu wanaoingia nchini, kila kitu kinaanzia kwenye barua ya udahili. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, vya vyuo vikuu hupitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, yaani daraja C, huombwa Uhamiaji. Kibali hakiombwi bila barua. Barua ikichelewa, mwenzetu yuko Bujumbura anasubiri na huku darasa linafanya jaribio la kwanza. Tunaomba barua za wanafunzi wa nje zitangulie za wengine, na pawe na dawati moja lenye mtu anayejua njia yote hiyo, ili mgeni asiwe tarishi wa faili lake mwenyewe.

Kuhusu lugha, wengi wetu tuliotoka nje tumesoma kwa Kifaransa. Mhadhara ni Kiingereza, Soko la Majengo ni Kiswahili. Wiki chache za lugha zote mbili kabla ya muhula zingetuokoa. Kupokeana stesheni tunakufanya wenyewe, hata treni ikiingia usiku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sera zipo. Mkataba wa nchi za Afrika wa kutambuliana masomo na shahada ulipitishwa Arusha mwaka 1981, hapa hapa nchini, na ukahuishwa Addis Ababa mwaka 2014. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza jumuiya yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Vyuo navyo husaini hati za makubaliano kila mara. Picha hupigwa, hati huingia kabatini, na mwanafunzi akifika hakuna anayejua ni jukumu la nani. Tunaomba kila hati iandikwe ofisa anayeisimamia, fungu la fedha lake na tarehe ya kuipitia upya. Isiyopeleka wala kupokea mwanafunzi hata mmoja ifungwe, nguvu ziende kwenye chache zinazofanya kazi.

Jedwali la kulinganisha alama tumeshaanza kulichora, tukishirikiana na wahadhiri wawili waliosoma nje. Linahitaji kupitiwa na Seneti ya chuo ili lipate nguvu. Nakala yake tumeiambatisha nyuma ya risala hii, na nyingine tumempa yule mhudumu wa dirishani, ambaye ndiye aliyetuomba.

Naomba kuwasilisha.