Barua kutoka Banaras: niulizie silsila ya babu

Somo yangu,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali na macho yangu. Kimya changu usikipe maana. Mitihani ilitubana, kisha mvua za huku zikafungulia, na umeme nao ukawa wa kubahatisha.

Nimeusikiliza ule ujumbe wako wa sauti. Eti Mjomba hataki uchukue uradi kwa sheikh yule kwa sababu silsila yake, ule mlolongo wa masheikh waliopokezana, imerukwa jina? Nilicheka peke yangu, maana hapa Banaras, India, siku hizi sisikii jambo jingine.

Mama mwenye nyumba wangu, yule wa kunizimia taa, ameshika guru, yaani mwalimu wake wa dini. Alingoja siku ya mwezi mpevu katika mwezi wao wa Asadh, ambayo Wahindu humwadhimisha guru, akaenda alfajiri hajatia kitu mdomoni, ameoga, na nazi na matunda na kitambaa kipya mkononi, na bahasha ya sadaka ndani yake. Guru akajifunika naye shuka moja, akamnong'oneza mantra, maneno matakatifu ya kurudiwa kama uradi wetu, katika sikio la kulia. Basi. Amerudi na shanga za mti wa tulsi shingoni, nyuzi mbili zimembana kooni, na ile mantra hata mumewe haambiwi. Sisi wapangaji tulichopata ni hasara: vitunguu, maji na thomu, vimetoka jikoni. Dengu bila kitunguu, somo! Nimekonda.

Mwanawe anayesoma uhandisi ndiye aliyenionyesha karatasi ya mlolongo wao. Wao ni Waramanandi, wafuasi wa Ramananda. Unaanza kwa mungu wao Ram mwenyewe, ukapita kwa Sita na Hanuman, ukashuka mpaka kwa Ramananda aliyekaa hapa hapa Banaras, kisha ukaja hadi kwa huyu guru wa mama. Nikauliza, mbona Ramanuja simwoni, yule mwanachuoni mkubwa wa kusini? Kijana akatabasamu. Kumbe zamani alikuwemo. Lakini baadhi ya wafuasi wa Ramanuja walikuwa wakiwadharau Waramanandi, na mwaka 1921, kwenye mkusanyiko wa dini wa Kumbh kule Ujjain, pakawa na mabishano ya hadharani. Kundi lililojihesabu limeshinda likamtoa Ramanuja kwenye silsila. Mtu wa karne ya 11 na ya 12, anafutwa mwaka 1921! Mwambie Mjomba jina kurukwa si ajabu ya Tanga peke yake.

Na huyo Ramanuja mwenyewe, wanasimulia, alitembezwa mara 18 na guru wake kabla ya kupewa mantra ya siri, akaapishwa asiitoe, la sivyo ni motoni. Akapanda juu ya hekalu akawapigia watu kelele wote waisikie. Guru alipowaka, akajibu: nikiungua mimi mmoja na hawa wote wakaokoka, si hasara. Nilimhadithia mama mwenye nyumba nikidhani atanilegezea ulimi. Akaniambia nikaanue nguo, mvua inakuja.

Lakini nilichotaka kukueleza ni Kabir, yule mshairi wa kale. Alilelewa na wafumaji Waislamu wa mji huu, na alimtaka Ramananda awe guru wake. Nani angempeleka mfumaji Mwislamu kwa mtu kama yule? Basi usiku akaenda akalala kwenye ngazi za Panchganga, mahali Ramananda alipokuwa akishukia mtoni kuoga kabla ya mapambazuko. Gizani, mguu ukamkanyaga. Mzee akashtuka: “Ram, Ram!” Kabir akainuka, akasema nimeshapewa mantra yangu. Watu walipomlalamikia, Ramananda hakumkana.

Wasomi wengi wanatia shaka kama wawili hawa waliwahi kuishi wakati mmoja. Sawa. Lakini nenda Kabir Chaura, mtaa ambao wafuasi wake wana makao yao, utakuta nao wana mahanti, yaani mkuu wa makao, mmoja baada ya mwingine, na tawi jingine la Chhattisgarh limeufanya ukuu wa kurithi baba kwa mwana, na pande mbili hizi hazioni mamoja. Mtu aliyeupata uradi wake kwa kukanyagwa! Mimi hapo ndipo ninapokwama. Kama ningeulizwa, ningesema... lakini wewe hujaniuliza, umeniuliza habari za sheikh. Jana nilikwenda Panchganga. Mto umejaa, ngazi za chini zote zimemezwa, na juu yake msikiti wa mfalme Aurangzeb umesimama vilevile. Muuza chai ananiambia Kabir alilala “pale”, anaonyesha maji.

Sasa nina haja kwako. Ile silsila ya marehemu babu bado imetundikwa ukumbini kwa Bi Mkubwa, au mchwa wameshaimaliza? Ipige picha mchana, kioo kisimulike, jina kwa jina lisomeke. Yule kijana ameniuliza kama kwetu tuna karatasi kama yao, nami nimeshajitapa. Jina lililorukwa ni la nani, na Mjomba alijuaje? Sheikh mwenyewe ameulizwa, au anasemwa pembeni tu? Na wewe moyo wako unamtaka, au unaona haya kurudi nyuma? Zuhura ameshajifungua? Yule mtoto wa Makorora akija huku mwezi ujao, ataweza kunibebea vitunguu vya kukaanga, hata kopo dogo?

Wasalaam,
Somo yako