Barua kwa wanangu wa wodini: kabla ya daftari, piteni masjala

Wanangu wahudumu wa afya na wauguzi wa cheti, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Siku ile ya wauguzi, tarehe 12 Mei, tulivyomaliza kuwasha mishumaa na kula kiapo, mlinizunguka pale chini ya mwembe mkanishikisha soda mkaniuliza swali moja kwa midomo kumi, mama turudi shule au tumeshachelewa? Nikacheka nikasema tutaongea. Sasa ndo naongea, na naandika kwa wote maana najua wengine mlikuwa mmetoka naiti mkakosa hata hiyo soda.

Kusoma someni. Mi niliingia kazini 1984 kama MCHA, yaani mhudumu wa afya ya mama na mtoto, darasa la saba langu mkononi na enzi zile lilitosha. Tangu 2004 mlango wa serikali unaanzia kidato cha nne, na mwaka 2017 mliona wenyewe yaliyowapata wale watumishi 9,932 wa vyeti feki, walitolewa siku moja kama mchele unaopepetwa, na mle ndani kulikuwa na watu wenye mikono mizuri kabisa ya kazi ila karatasi haikuwa yao. Kwaiyo akija mtu kukunong'oneza kuwa kuna jamaa anauza cheti cha form four mjini, mwambie aende akamuuzie adui yake.

Mi kidato cha nne nilikitafuta ukubwani. QT, ule mtihani wa kujipima kabla ya form four kwa asiyepita sekondari, nilifanya 1999 nikiwa na miaka 35, form four nikafanya 2001, namba yangu ya mtihani ilianza na P, ile ya watahiniwa wa kujitegemea, na siku hiyo mwanangu wa kwanza yuko chumba cha pili namba yake inaanza na S. Tuliondoka nyumbani pamoja asubuhi, yeye na yunifomu mimi na kanga begani. Alinikimbia njiani jamani, akaniambia mama tangulia nimesahau rula. Nilijua rula anayo.

Tuisheni ya jioni nilikaa na watoto wa miaka kumi na saba wananiita bibi. Moli za Kemia zilinitoa machozi wiki mbili nzima, mpaka siku moja nikajiuliza, hivi mimi si ndo napiga hesabu ya dripu kila siku? Mililita 1000 kwa masaa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita, unapata kama matone 42 kwa dakika, naipiga kichwani huku namshika mgonjwa mkono. Moli nayo ni mambo yaleyale ya kiasi gani ndani ya kiasi gani. Kuanzia hapo mwalimu alikuwa akiniuliza mimi kwanza. Nawaambia hili kwa sababu wengi mnadhani mnaanza sifuri, wakati nusu ya kitabu mnaigusa kila siku kwa mikono ila hamjui inaitwaje darasani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike. Nilipata diploma 2005. Mshahara wa diploma nikaanza kuupata 2009.

Miaka minne wanangu, na sikumwibia mtu. Kosa langu ni kwamba nilienda chuo kwa ruhusa ya mdomo. Mkubwa wangu wa wakati ule alikuwa mtu mwema, aliniambia nenda mama tutaelewana huku mbele, nami nikapanda basi. Nikiwa chuo yule mkubwa akahamishwa. Narudi na cheti changu nimekifunga kwenye nailoni kisilowe, naambiwa na ofisi, nani alikuruhusu? Wakafungua faili, barua ya ruhusa hamna, jina langu kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ule halimo, kwenye bajeti nafasi ya kunibadilisha kada, yaani kundi la kazi na mshahara wake, haikutengwa. Kwaiyo nikawa nafanya kazi ya Afisa Muuguzi Msaidizi, nasimamia leba, nafundisha wanafunzi, na mshahara ni uleule. Nilipanda ngazi za ile ofisi mpaka mhudumu wa masjala, pale wanapotunza mafaili, akawa ananiwekea kiti.

Kwaiyo kabla hujanunua daftari, pita masjala. Kwanza hakikisha umeshathibitishwa kazini, maana ukiwa bado kwenye majaribio hakuna atakayekusikiliza. Halafu andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ipite kwa inchaji wako, iende kwa mganga mkuu wa wilaya, ifike kwa mkurugenzi, na kila inapopita baki na nakala yenye muhuri. Nenda kwa afisa utumishi umuulize kwa heshima kama jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo, muulize pia kozi unayoitaka itakupeleka kada gani ukirudi. Hilo la pili watu hawaulizi. Namjua binti mmoja, muuguzi mzuri sana, alisoma maendeleo ya jamii kwa sababu chuo kilikuwa karibu na kwa shangazi yake, akarudi na diploma safi, na mpaka leo ni muuguzi wa cheti kwa sababu kwenye muundo wa uuguzi, ule mpangilio wa vyeo vya kazi, ile diploma haina pa kukaa. Ukitaka kupanda kwenye uuguzi soma uuguzi.

Wahudumu, kwenu cheti cha uuguzi kinataka ufaulu kuanzia D za Baiolojia, Kemia na Fizikia, usidanganywe na mtu wa stationery. Mi Fizikia nilipata D nikaishukuru kama A. Na nyie mnaoenda diploma halafu mna ndoto ya digrii, msiridhike na kupita tu, vyuo vikuu wanaangalia GPA, wastani wa alama zako, na wanataka isipungue 3.0, nimeona watu wamekwama na 2.8 wanalia kama wamefiwa.

Hela. Mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi umewekwa kwa wasio na ajira, wewe mwenye salary slip usiutegemee sana. Mtakimbilia SACCOS na benki, sawa, ila kumbukeni lazima theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, na wengi wenu mshaikaribia kwa bodaboda na mabati, kwaiyo maliza deni moja kwanza ndo ufungue la shule. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, msiziguse hata kwa ada ya mwisho, bora uahirishe muhula.

Kuna kitu sikukisema pale chini ya mwembe kwa sababu wadogo walikuwepo. Mwaka ule wa form four nilikuwa nasoma nikiwa naiti. Daftari nimeliweka chini ya rejista ya leba, taa ya chemli pembeni. Usiku mmoja nina mama mmoja wa uzazi wa kwanza, mapigo ya moyo wa mtoto natakiwa kusikiliza kila nusu saa na kuweka nukta kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu. Nikazama kwenye Baiolojia, mzunguko wa damu, sitasahau. Naamka akili, nukta mbili hamna. Saa nzima! Nikaweka fetoskopu, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto, mapigo yameshuka. Yule mtoto alizaliwa amechoka, mweupe, hana sauti, nikafanya naye kazi na ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, huku mikono inatetemeka mpaka akalia, sauti ndogo kama ya paka. Aliishi. Mama yake alinishukuru, akanitumia kuku.

Yule kuku sikuweza kumla. Kuanzia hapo daftari likabaki nyumbani, nikaanza kuamka saa tisa usiku siku za off, na zamu nikawa nabadilishana na wenzangu waziwazi kwenye rosta, metroni anajua, na deni la zamu nalipa kabla sijakopa lingine.

Na wewe uliyeniuliza peke yako wakati tunatoka, kwamba una miaka 41 utasomea kaburi? Hebu tuhesabu. Ukirudia Kemia na Fizikia Novemba hii, matokeo Januari, chuo Oktoba, cheti miaka 2, utarudi wodini na miaka 44 au 45. Kustaafu kwa lazima ni 60. Mi nilistaafu 2024, nilianza shule nikiwa mdogo kwako kwa miaka sita tu, na ofisi ikanila minne.

Daftari langu la Kemia bado lipo, lina madoa ya mafuta ya taa lakini linasomeka. Njoo Jumamosi baada ya saa nne ulichukue, na uje na rasimu ya barua yako ya ruhusa niisome, usije mikono mitupu.

Mama yenu.