Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: tunaomba ultrasaundi za mkononi kwenye ambulensi

Mganga Mkuu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi napanda ambulensi barabara hii ya TANZAM (ya Tanzania kwenda Zambia), kituo changu sikitaji maana kesho naenda kazini. Ajali ikitokea Inyala au mteremko wa Iwambi, lori limefeli breki, tunafika na oksijeni, dripu, mashine ya presha na macho yetu, basi. Kijana anaongea vizuri tu, presha haijashuka, anasema tumbo linauma kidogo, kumbe wengu umepasuka na damu inavuja ndani, na hawa vijana mwili unavumilia mpaka damu nyingi imeshapotea ndo presha inaporomoka ghafla, hapo mmeshamfikisha kituo kisicho na damu wala mpasuaji, mnaanza rufaa upya.

Sasa ultrasaundi za kushika mkononi zipo, probu (kile kifaa cha kugusisha mwilini) unaunganisha na simu au tableti, unapaka jeli unaangalia sehemu 4: kati ya ini na figo, kati ya wengu na figo, chini kwenye kibofu, na moyo. Damu iliyomwagika inaonekana nyeusi. Aliyezoea hamalizi dakika 5, akipitisha na kifuani anaona kama kuna hewa imebana pafu. Haina mionzi. Na sio ajali tu, mama aliyepigiwa 115 ya m-mama (mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito) kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka, damu yake tunaitafuta sehemu hizohizo.

Mimi hapo nataka kupiga simu tu hospitali ya rufaa: "tumbo lina damu, tunapita moja kwa moja hadi kwenu, andaeni thieta (chumba cha upasuaji)." Wakati tunasogea wao wanatafuta damu ya kumwongezea.

Kuna daktari aliniambia wauguzi tutapoteza muda kucheza na picha. Ana hoja, ndo maana tupime gari likiwa linatembea (matuta yatatutesa, najua), na kipimo kikionyesha hakuna damu tusimwambie mtu ni mzima, maana damu kidogo kinaikosa, na utumbo uliotoboka pia.

Ombi langu Mganga Mkuu, anza na magari yanayohudumia Igawa mpaka Mbalizi, ila mafunzo yatangulie mashine, na awepo mtu wa mionzi wa kupitia picha zetu kila wiki atukosoe, vinginevyo zitafungiwa kabatini kwa kuogopa zisiharibike. Na bajeti ya jeli isisahaulike jamani.